Anza na Deni: Mwongozo wa Kuandika Riwaya ya Utekaji Kisiwani Pemba

Kabla hujamtafuta wa kutekwa, mtafute mdaiwa. Riwaya ya utekaji inayomshika msomaji hadi ukurasa wa mwisho hujengwa juu ya mtu anayedaiwa fedha zinazojulikana hadi shilingi, na siku ya kulipa imeshamkaribia. Pemba ina madeni ya namna yake, mengi yamefungamana na karafuu. Ukiyaelewa vizuri utaona kwamba njama nzima, pamoja na kuanguka kwake, imo ndani ya hesabu hizo. Mwongozo huu nimemwandikia mwandishi chipukizi, hasa aliyezaliwa au kuishi kisiwani, anayetaka kusimulia kisa cha watu waliobanwa na fedha wakaamua kumteka mtu, na mambo yakawaharibikia.

Urithi wa kuanzia tunao. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale. Kitabu kikatoka 1960, na Bwana Msa, mwenye kiko mdomoni, akaingia katika nyumba za wasomaji wa Kiswahili. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Wasome wote. Ila uone kwamba Willy Gamba anashughulika na majasusi, bastola na safari za ndege, wakati Bwana Msa anakaa kitako, anavuta kiko, anauliza nani mtoto wa nani na nani aliachiwa nini na marehemu. Kwa Pemba, njia ya Bwana Msa ndiyo itakayokufaa. Soma pia Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1972, ingawa haina mpelelezi. Hapo utajifunza jinsi tamaa ya fedha inavyoingia ndani ya ndoa na kuila polepole.

Hesabu

Chukua karatasi uandike hesabu za mhusika wako kama anavyoziandika yeye. Mtu ninayekupendekezea ni mkodi wa karafuu. Mwenye mikarafuu asiye na mtaji wa kuchuma huikodisha kabla ya msimu, na hata Serikali hukodisha mashamba yake. Mkodi huizungukia miti ingali na matumba tu, akakisia itatoa kiasi gani, akatoa fedha. Kuanzia hapo faida ni yake na hasara ni yake.

Tuseme wako amekodi kwa milioni 12. Kwa miaka mingi ya muongo uliopita Shirika la Taifa la Biashara Zanzibar, ZSTC, lilinunua karafuu za daraja la kwanza kwa shilingi 14,000 kwa kilo. Gawanya. Anahitaji kilo 857 za karafuu kavu ili arudishe kodi peke yake, kabla hajamlipa mchumaji hata mmoja. Karafuu mbichi ikikauka hubaki kama theluthi moja ya uzito wake. Kwa hiyo zaidi ya tani mbili na nusu za karafuu mbichi lazima zishuke kutoka mitini, zichambuliwe makonyo na zianikwe. Wachumaji hulipwa kwa pishi, nao hawangojei mpaka ZSTC ilipe. Kuna chakula chao, kuna gari ya kubebea magunia, kuna majamvi yaliyotoboka yanayotaka kubadilishwa.

Fedha hizo zote amezitoa wapi? Hapa usiwe na haraka, kwa sababu kila mlango aliobisha utakuwa na kazi baadaye. Wa kwanza ni ushirika wa kuweka na kukopa wa kijijini, ambako dada yake alimdhamini. Wa pili ni shemeji aliyeko Muscat, aliyetuma mara moja na sasa hapokei simu. Wa tatu ni duka la jirani, ambako mchele, sukari na boflo vinaandikwa daftarini. Wa nne ndio anapoteleza. Ni mkopeshaji wa mtaani wa ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu, au ni programu ya simu inayokopesha kwa dakika chache, kisha ukichelewa inawapigia watu wote uliowahifadhi kwenye simu yako, kuanzia mwalimu wa skuli hadi imamu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Msomaji wako anazijua. Huenda moja ilimpigia yeye kwa deni la jirani.

Sasa lete mvua. Vuli inashuka katikati ya msimu, na karafuu inataka jua. Tukio hili liandike kwa karibu, ukurasa mzima au miwili: wingu linafunga saa tisa alasiri, familia nzima inatoka mbio, majamvi yanakunjwa na kuingizwa ukumbini, watoto wanalala juu ya magunia, na nyumba imejaa harufu ya karafuu zinazofukuta. Siku ya tatu jua linachomoza. Baba anachukua karafuu moja, anajaribu kuivunja kwa kidole gumba. Iliyokauka sawasawa hukatika. Hii inapinda. Anachukua nyingine, nayo inapinda. Mkewe amesimama mlangoni anamwangalia wala haulizi kitu. Zitashuka daraja, na bei itashuka nazo. Ukiliandika vizuri tukio hilo, hutahitaji kumweleza msomaji kwa nini mtu huyu atafanya atakachokifanya.

Ipo na riba. Mhusika wako ni Muislamu katika kisiwa cha Waislamu. Anajua kwamba riba ni haramu, na ameichukua. Zamani wenye mashamba walijisitiri kwa bei khiyari. Shamba liliuzwa kwa mkopeshaji kwa sharti kwamba mwenyewe anaweza kulikomboa, naye akaendelea kulitumia kwa kulilipia kodi. Mashamba mengi Unguja na Pemba yakazama kwenye madeni, hata mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatunga sheria za kuzuia yasiendelee kuchukuliwa na wakopeshaji. Babu wa mhusika wako anaweza kuwa mmoja wa walionusurika. Basi mjukuu anaposimama chini ya mikarafuu ile ile akihesabu miezi, anabeba aibu ya vizazi viwili, na yote ni ya kweli.

Mwisho wa hesabu andika tarehe. Na amua ni nani ataumia tarehe hiyo ikipita. Usiseme ni yeye mwenyewe, maana mtu mzima huvumilia aibu yake. Iwe ni yule dada aliyemdhamini, ambaye watakuja kumtolea vyombo nje. Mtu mwema humfanyia dada yake mambo ambayo asingejifanyia mwenyewe, na hapo ndipo wazo la kuteka linapoweza kupita kichwani mwa mtu ambaye hajawahi kuiba hata nazi.

Nalisisitiza hili kwa sababu riwaya nyingi humfanya mtekaji kuwa muovu tangu utotoni, akawa na kovu shavuni na sauti ya kukwaruza. Huyo hana hadithi. Watu waliobanwa na madeni tunaishi nao, tunasali nao, na wanastahili kuandikwa kwa heshima hata pale wanapotenda jambo lisilosameheka.

Wa kutekwa

Utekaji wa kudai fedha unaokumbukwa kuliko wote Tanzania ni wa Mohammed Dewji. Alfajiri ya tarehe 11 Oktoba 2018 alichukuliwa nje ya hoteli moja Oysterbay, Dar es Salaam, alikokwenda kufanya mazoezi. Familia ikatangaza zawadi ya shilingi bilioni moja kwa atakayetoa taarifa. Tarehe 19 Mkuu wa Jeshi la Polisi, Simon Sirro, akaonyesha hadharani picha za gari lililotumika. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Dewji akaachwa kwenye viwanja vya Gymkhana akiwa hai, na gari na silaha zikatelekezwa hapo hapo.

Soma tena mpangilio wa siku hizo tisa, kwa sababu una somo kubwa la ufundi. Waliomchukua walikuwa na silaha, usafiri na mahali pa kumweka, na bado mateka mwenyewe akawa mzigo uliowashinda kubeba. Mtu anayejulikana na nchi nzima, nchi nzima inamtafuta. Kila saa inayopita kabla fedha hazijapatikana inafanya kazi upande wa polisi. Katika riwaya yako onyesha saa hizo zikipita, na onyesha watekaji wakianza kumwogopa mtu waliyemfunga kamba.

Pemba hakuna Dewji, na usimwumbe. Ukimweka tajiri mwenye walinzi na kasri huko Vitongoji, msomaji wa Chake Chake atafunga kitabu. Mwenye fedha wa Pemba ana duka la jumla Wete, au ana mtoto Muscat anayetuma kila mwezi, au ana nyumba mbili Unguja. Ana undugu na nusu ya watu wanaomwonea wivu. Kwa hiyo mateka wako lazima awe mtu ambaye mtekaji anamfahamu, na kama ni mtoto, basi amewahi kumbeba begani. Hapo riwaya inapata uchungu ambao huwezi kuupata kwa mabunduki.

Mwaka 1963 Mjapani Akira Kurosawa alitengeneza filamu ya High and Low, kutokana na riwaya ya Ed McBain ya 1959, ambamo mtekaji anakusudia mtoto wa tajiri, kumbe amechukua mtoto wa dereva wake. Tajiri anabaki na swali zito: auze kila alichonacho kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine? Mkasa wa namna hiyo Pemba unakujia wenyewe. Watoto wanatoka chuo cha Kurani baada ya magharibi, kanzu nyeupe zote, kofia zote, giza limeshaingia, na binamu wawili wamerithi jina la babu mmoja. Mtekaji anaita jina. Anaitika siye. Pengine mtoto aliyechukuliwa ni yatima anayelelewa na yule tajiri, na jamaa wa tajiri huyo kutoka Muscat anauliza kwenye simu kwa sauti kavu, "Huyo ni wetu kweli?"

Njia ya pili ni mtu kujiteka mwenyewe. Polisi Tanzania wametangaza mara kadhaa matukio ya watu waliojificha kwa rafiki au nyumba ya wageni huku wakituma ujumbe kwa jamaa zao kwamba wametekwa na wanadaiwa fedha. Mdaiwa anayejiteka ili shemeji wa Muscat apokee simu anaweza kukupa riwaya fupi yenye huzuni nyingi, hasa kama mama yake hajui na anafunga saumu kumwombea.

Lakini uwe na adabu na jambo hili. Msomaji wako wa leo anasoma akiwa na majina kichwani. Mwandishi wa habari Azory Gwanda alichukuliwa Kibiti Novemba 2017 na hajaonekana tena. Ali Kibao, kiongozi wa Chadema, alishushwa kwenye basi Septemba 2024, na mwili wake ukapatikana siku iliyofuata. Hayo si mambo ya fedha wala ya riwaya yako, ila mtu aliyempoteza ndugu anaweza kuwa na kitabu chako mkononi. Usiyaandike mateso kwa kuyanogesha. Andika kungoja: simu inayolia na ikawa ni ya mtu mwingine, sahani inayofunikwa kila usiku kwa ajili ya asiyekuwepo.

Pa kumficha

Mwandishi wa mbali huona ramani, akaona msitu wa Ngezi kaskazini na visiwa vidogo magharibi, akadhani pa kujificha ni tele. Peleka mtekaji wako huko uone. Ngezi ina walinzi wa msitu, na barabara ya Konde kwenda Makangale inapita humo humo, na watu wake wanaijua kila gari. Misali ni hifadhi, ina walinzi, na wavuvi hupiga dago hapo. Kojani ina watu wengi hata mgeni hapati pa kusimama bila kuulizwa katokea wapi. Mikokoni wanapita wanawake wenye ndoo za chaza na watoto wanaotafuta kaa. Magofu ya Pujini, ya yule Mkama Ndume wa masimulizi, yanatembelewa na wageni. Katika msimu wa karafuu hata shamba la ndani kabisa lina wachumaji juu ya miti, na mtu aliye juu ya mkarafuu anaona mbali.

Kwa hiyo mtekaji atamficha mtoto mahali pa kawaida: banda la kuanikia, chumba cha nyuma cha nyumba isiyokwisha kujengwa, stoo ya makonyo karibu na Wawi ambako kiwanda cha mafuta kinafunika kila harufu. Na hapo inakuja kazi ambayo waandishi wengi huisahau: mateka anakula. Nani anapika? Nani anapeleka? Anafuliwa nguo na nani?

Hapa ndipo lile daftari la duka linaporudi. Mtekaji wako hana fedha taslimu, kwa hiyo chakula cha mateka anakikopa. Kwa miezi sita amekuwa akichukua boflo mbili asubuhi, na mwenye duka anaandika mbili. Jumatatu moja anachukua tatu. Jumanne tatu. Jumatano tatu na maziwa ya pakti, wakati kila mtu anajua kwamba nyumbani kwake hakuna mtoto mdogo. Mwenye duka hashuku lolote, anaandika tu kama anavyoandika siku zote. Mpelelezi akija siku ya tano hahitaji alama za vidole. Anaomba daftari, anapitisha kidole kwenye safu ya boflo, anasimama kwenye Jumatatu. Kidokezo cha namna hii ni bora kuliko kumi vya kubuni kwa nguvu, kwa sababu kimetoka kwenye jambo lile lile lililomsukuma mtu kuteka: hana hela.

Simu, fedha na bahari

Tangu 2019 laini za simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole, na mwanzoni mwa 2020 zile ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa. Mtekaji wako atapiga simu ya kudai fedha kwa laini ya nani? Atatumia ya marehemu baba, au ataazima simu ya bibi mmoja kwa kisingizio cha salio kuisha. Vyovyote iwavyo jina la mtu lipo, na polisi watamfikia bibi huyo kwanza. Sura ambayo bibi asiye na hatia anahojiwa kituoni, na mhusika wako anaisikia habari hiyo barazani akinywa kahawa, itamtikisa msomaji zaidi ya kufukuzana kwa magari.

Kuhusu kuzitumia fedha, itazame kesi ya mtoto wa Charles Lindbergh huko Marekani, mwaka 1932. Dola 50,000 zililipwa, na mtoto akakutwa amekufa. Sehemu kubwa ya fedha zile zilikuwa noti za dhahabu, ambazo mwaka uliofuata serikali iliziondoa kwenye mzunguko. Septemba 1934 mtu mmoja akalipia petroli kwa noti kama hiyo, na mhudumu wa kituo, kwa kuishangaa, akaandika namba ya gari pembeni ya noti. Bruno Hauptmann akakamatwa kwa njia hiyo. Pemba haihitaji noti za dhahabu. Mtu aliyekuwa akikopa boflo akilipa deni lote la duka siku moja, kwa noti za elfu kumi kumi, habari itafika Konde kabla ya magharibi.

Bahari nayo isome vizuri. Pemba iko takriban kilomita 50 kaskazini ya Unguja, na mkondo unaoitenga na bara una kina kirefu sana. Wakati wa kusi kali mashua ndogo haijaribu. Wakati wa maleleji, pepo zinapobadilika, bahari hutulia, na mtekaji wako atafikiria kumvusha mateka hadi Shimoni au Tanga. Lakini bahari tulivu katika msimu wa karafuu ndiyo bahari ya magendo, kwa sababu karafuu za Pemba kwa miaka mingi zimekuwa zikivushwa kwa siri kwenda Kenya kwa wanaolipa zaidi. Kwa hiyo Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, KMKM, huwa macho kuliko wakati mwingine wowote. Tazama jinsi kisa kinavyojifunga. Deni limekuja kwa karafuu, linadaiwa wakati wa karafuu, na doria imewekwa kwa ajili ya karafuu. Maafisa wanaoipekua ile mashua usiku wanatafuta magunia, wala hawajui kwamba kuna mtoto aliyepotea.

Kuhusu meli za abiria, kumbuka kwamba majina huandikwa na bandari zina macho. Kumbuka na jambo jengine: usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na wengi hawakuonekana kabisa. Hakuna kijiji kisicho na mtu wa kumkumbuka. Ukitaka dhoruba na kuzama kwa ajili ya msisimko tu, tafuta njia nyingine.

Mambo mengine kwa ufupi

Uganga utakuvutia, maana sifa hiyo Pemba inayo, na jina la Giningi linajulikana mbali. Abdulla alilitumia katika Kisima cha Giningi mwaka 1968, na kwake hofu ya mizimu ilikuwa pazia tu. Nyuma yake kulikuwa na binadamu mwenye nia mbaya. Fuata hapo. Mtekaji wako anaweza kwenda kwa mganga kuombewa jambo lake "lisionekane". Mganga sasa ni shahidi: anajua siku, anajua saa, na anajua mtu huyu alilipa kwa ahadi.

Mpelelezi asiwe shujaa wa Dar. Mfanye askari wa kutoka bara aliyehamishiwa Wete, mwerevu, asiyejua nani ni shemeji wa nani. Mpe mwenzake: sheha, au katibu wa ule ushirika wa kuweka na kukopa, mwenye vitabu vya mikopo mezani kwake. Yeye tayari anajua ni nani kijijini yuko hatarini. Ila hakujua hatari ya kufanya nini. Kama utekaji umetokea Chake Chake na maficho yako Micheweni, kuna makamanda wawili wa mikoa, na mvutano wao utakupa sura moja nzuri.

Lugha ya mazungumzo iwe ya hapo. Watu waseme skuli, waseme yakhe, wamwite ami na bi mkubwa, waseme gari badala ya daladala ukiona inafaa. Usimjaze kila mhusika lahaja hadi msomaji wa Kigoma apotee. Tia pale hasira au mapenzi yanapopanda.

Sheria uiangalie kabla ya kuandika sura ya mahakama. Jeshi la Polisi ni la Muungano, lakini Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, ya 2018, na Mkurugenzi wake wa Mashtaka. Mtekaji akikamatiwa Tanga, kuna suala la kurudishwa Zanzibar. Akihukumiwa Pemba atapelekwa Chuo cha Mafunzo, kama gereza linavyoitwa huku, na huko ataitwa mwanafunzi. Mke wake atakapopanda gari kumpelekea sabuni na mswaki, usiongeze neno.

Usimalizie kwa pingu. Sura mbili au tatu za mwisho mpe mtoto aliyerudi. Anaishi kijiji kile kile, anapita kila siku mbele ya nyumba ya mtu aliyemfunga, anasoma chuo kimoja cha Kurani na watoto wa mtu huyo. Baba yake na dada wa mtekaji wanakutana msibani. Deni bado lipo, na dada bado ndiye mdhamini. Nani atalilipa? Jibu lake linaweza kukushangaza wewe mwenyewe unayeandika, na ukishangaa, usiache kuandika siku hiyo.

Rasimu ikikamilika, mpe mtu aliyewahi kukodi mikarafuu akague hesabu, askari mstaafu akague taratibu, na mwanamke mmoja mwenye duka akague daftari. Rekebisha, kisha peleka mswada. Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na kuna tuzo ya Safal, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Mohammed Ghassani, mtoto wa Pemba, alishinda hiyo ya pili mwaka 2015 kwa ushairi wake, N'na Kwetu. Upande wa riwaya ya uhalifu kutoka kisiwani nafasi ingali wazi. Angalia tarehe za mwisho za kupokea miswada, na hakikisha wako haujachapishwa popote.